Anayesoma Haandiki

Mimi ni fundi cherehani, na kusema kwangu ni kama kukata kitambaa: mkasi ukishaingia sirudi nyuma. Kwa hiyo msitegemee nimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka kumweleza mke wangu, na siwezi kumweleza yeye bila kumtaja mtoto tuliyemlea. Huyo mtoto, nikimtaja, damu bado inanichemka.

Kazini kwao mke wangu walimwita Mama Tope. Miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuminya tope. Msicheke. Mimi nilicheka siku ya kwanza aliponieleza, na chakula changu siku hiyo nilijipikia mwenyewe.

Tope lenyewe si la mtaroni. Lilichimbuliwa chini ya bahari, kwenye kina ambacho jua halijawahi kufika, likaletwa maabara likiwa ndani ya mtungi wa chuma, bado baridi, bado limebanwa vilevile lilivyobanwa na maji huko lilikotoka. Ndani ya tope hilo kuna barafu. Si barafu ya jokofu. Ni maji yaliyoganda pamoja na gesi, meupe, yamejipenyeza katikati ya chembe za mchanga. Ukilitoa ovyo linachemka mapovu na kunywea mbele ya macho yako, na ukilipelekea kiberiti linawaka. Alinieleza mara tatu sikuelewa kitu, mpaka nikamuuliza kwa lugha ya kwangu.

"Ni kama wanga kwenye kola?"

Akapiga kofi. "Hapo hapo! Umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

Kola yenye wanga inasimama yenyewe. Ikunje kwa nguvu itavunjika kwa mstari. Lakini ifue, wanga utoke, na kitambaa kilekile kitakulalia shingoni. Basi tope la chini ya bahari ndivyo lilivyo. Likiwa na barafu yake ni gumu, unaweza kudhani ni mwamba. Likipata joto, barafu inayeyuka, gesi inatoka, na linabaki tope la kawaida lisiloweza hata kujibeba. Kazi ya mke wangu ilikuwa kujua kola ikifuliwa italala kiasi gani.

Chumba chake kilikuwa na baridi ya nyuzi nne, mwaka mzima, hata siku ambazo sisi wa nje tunatokwa jasho mpaka kwenye kope. Koti lake la kazini nilimshonea mimi, la pamba nene, mifuko ndani na nje. Alikuwa anachukua kipande cha tope chenye urefu wa milimita mia moja, anakivisha mpira, anakitia ndani ya mtungi mwingine uliojaa maji ya shinikizo, kisha chuma kinashuka kutoka juu na kukikandamiza. Anakipasha joto kidogo kidogo. Gesi inatoka kupitia mrija mwembamba na kububujika kwenye chupa. Yeye macho yake hayabanduki kwenye saa ya mshale inayopima kipande, anasoma kwa sauti: kimefupika milimita mbili, kimefupika tano, kimefupika tisa.

Anayesoma haandiki, na anayeandika hasomi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba chake, na aliitoa hapa kibarazani kwangu. Fundi ukipima kifua cha mtu kisha ukaandika mwenyewe, utaandika unachotaka kushona. Kupima ni kazi ya watu wawili: mmoja futi, mmoja kalamu. Tulipooana ndivyo tulivyofanya, mimi napima na kutaja, yeye anaandika, na mimi sichungulii. Akaipeleka sheria hiyo maabara, ikakaa. Mwisho wa kila ukurasa aliyesoma anatia sahihi bila kuuangalia, kwa sababu akiangalia, siku nyingine macho yake yatatafuta kwenye saa kile alichokiona kwenye karatasi.

Sasa huyo mtoto. Ni binti wa marehemu mdogo wake mke wangu. Alikuja kwetu ana miaka sita na begi moja la nguo, na tangu siku hiyo sisi ni Mama Mkubwa na Baba Mkubwa. Wa kwetu hatukujaliwa. Nilimwita Kalamu, maana alipojua kuandika tu nilimpa daftari la vipimo, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama umepigwa mashine. Wateja walikuwa wanakuja kuusifia mwandiko kabla ya suti. Akasoma, akafika chuo, akatoka mhandisi, na mke wangu akapiga magoti kwa wakubwa wake mpaka Kalamu akapata nafasi pale pale maabara. Mama Mkubwa anasoma, Kalamu anaandika. Jioni wanarudi pamoja wanabishana na kucheka kuanzia kwenye kona, nami natia maji ya chai jikoni nikiwasikia. Nilijiona mtu tajiri.

Kisha mwaka mmoja ikaja kazi kubwa. Kampuni moja ilitaka kufunga jukwaa linaloelea, lenye watu mia moja na arobaini juu yake, na minyororo ya jukwaa hilo ishikwe na nguzo zilizozamishwa kwenye mteremko wa tope chini ya bahari. Karibu na nguzo litapita bomba lenye joto. Swali ni lile lile la kola: bomba likiyeyusha barafu, tope litazishika nguzo au litaziachia? Zikaletwa sampuli kumi na nne. Msimamizi wa mradi alikuwa bwana mmoja hatoki bila tai, hata Jumamosi, tukamwita Bwana Tai.

Walipokuwa wameshaminya kumi na tatu, Kalamu akaenda mafunzo ya wiki moja. Mke wangu akataka kuandika vibandiko vya rafu. Kila tope lililominywa alikuwa analifunga plastiki na kuliweka rafuni, tabia yake tu. Akafungua daftari kutafuta tarehe, kwa mara ya kwanza katika kazi ile nzima, akakuta imeandikwa kimefupika saba.

Alirudi nyumbani hana rangi. "Mimi nakumbuka kumi na tisa," akaniambia. "Nakumbuka kabisa, nilisema kumi na tisa. Kitabu kinasema saba. Na nyingine hivyo hivyo. Sita, nane, saba."

Nikasema kitabu kimekosewa. Akanikatiza. "Kalamu hakosei."

Jamani, huyo ndiye mke wangu. Ilikuwa rahisi kwake kuamini kwamba akili yake inaoza kuliko kuamini kwamba mtoto ameandika uongo. Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Mama yake mzazi alimaliza siku zake hamjui mtu, anamwita mke wangu "wewe mgeni" na kumuuliza ataondoka lini. Tangu jioni ile akaanza kunitaka nimuulize maswali, kila siku baada ya chai. Tulioana tarehe ngapi? Shati la bwana harusi wa ghorofa ya pili lilikuwa na vifungo vingapi? Kifua cha mwalimu wa hesabu?

"Mia na nne," anajibu, "na tumbo usiniulize, nina heshima zangu."

Hakukosa hata moja. Lakini hofu haitoki kwa hesabu.

Kalamu aliporudi, mke wangu alimweleza yote hapo hapo mezani. Nilikuwepo. Mtoto akamshika mkono. Akamwambia kwa upole, "Ulisoma saba, Mama Mkubwa. Nakumbuka vizuri. Umechoka tu. Mimi nipo, sitakuacha." Akainuka, akamletea kanga ya kujifunika mabega.

Panya huuma na kupuliza. Nilikuwa sijawahi kumwona panya anayeleta na kanga.

Wiki mbili mke wangu aliishi hivyo, anaandika vikaratasi: zima jiko, funga mlango, jina la jirani. Mimi ndiye niliyechoka kwanza, kwa hasira zangu. Nikamuuliza, "Hayo matope yenyewe yako wapi?"

"Rafuni."

"Yote?"

"Yote, na plastiki zake."

"Basi kwa nini unajipima mwenyewe? Mteja akinibishia kipimo simjibu, nampima tena. Kitu kilikuwa mia moja. Kama kimefupika saba, kiko tisini na tatu. Kama kimefupika kumi na tisa, kiko themanini na moja. Nenda na rula, mama."

Akacheka, cheko la kwanza baada ya siku nyingi. Kesho yake akaenda na rula.

Sampuli mbili zilizominywa na barafu yake zilikuwa zimevunjika kwa mshazari, safi, kama zilivyotakiwa. Kumi na moja zilizoyeyushwa zilikuwa zimenenepa katikati na kushuka kama mapipa. Themanini na moja. Themanini. Themanini na mbili. Tope likitoka kwenye mtungi hujivuta na kurefuka kidogo, akanieleza, lakini haliwezi kufupika.

Jioni hiyo alirudi peke yake na sampuli zake kwenye boksi, akakaa kwenye benchi ya wateja, hajavua hata viatu. "Sina ugonjwa wowote," akasema. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, kumbe analia. "Afadhali ningekuwa naumwa," akasema. "Ningeumwa, angeniuguza."

Hakumfokea. Mimi ningemtupia mkasi. Yeye alimngoja jikoni, akamuuliza taratibu. Kalamu akasema sampuli zimekauka rafuni, zimesinyaa. Mke wangu akamwambia, "Plastiki nimezifunga kwa mkono wangu, na maji yako bado ndani yake." Mtoto akakaa chini. Halafu yakamtoka. Bwana Tai alimwambia kwamba namba zile zitaua mradi, na kwamba mradi ukipita kuna kiti cha mhandisi kwenye meli kinamngoja yeye. Akasema barafu yote haiwezi kuyeyuka kwa pamoja, akasema Mama Mkubwa siku zote anapasha joto kupita kiasi, akasema amepunguza tu kidogo.

"Watu mia moja na arobaini watalala juu ya hiyo kidogo yako," mke wangu akasema.

"Usiende kwa Mkuu wa maabara, Mama Mkubwa. Nakuomba."

"Siendi. Utakwenda wewe. Jumatatu asubuhi mwambie mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako. Nitasema ni mwanangu, amekosea, amekiri."

Kalamu akalia, akamkumbatia, akakubali. Nami nilikuwa mlangoni nikasema haya, yamekwisha, mtoto ni mtoto. Mjinga mimi.

Jumatatu Kalamu alitoka mapema, akasema anatangulia. Sisi tukafuata na sampuli kwenye boksi la sufuria, nimelibeba mimi. Tulipoingia ofisini kwa Mkuu wa maabara, nilijua kuna jambo kabla mtu hajafungua kinywa. Kiti kilikuwa kimeshavutwa. Mezani kulikuwa na glasi ya maji na karatasi za kufutia machozi. Mkuu, ambaye siku zote husema haraka haraka, alisema polepole, neno moja moja, kama vile mtu anavyosema na mgonjwa. "Karibu, Mama. Keti. Hapa wote tunakupenda."

Kalamu alikuwa amekaa dirishani. Akasema macho yakiwa sakafuni. Kwamba nyumbani tumeliona jambo hili muda sasa. Kwamba bibi yake alianza hivi hivi. Kwamba Mama Mkubwa anaandika vikaratasi asisahau kuzima jiko, na sasa anamtuhumu kwamba amebadilisha daftari, na yeye hana kinyongo, anaomba tu apumzishwe kwa heshima.

"Hata Baba Mkubwa ni shahidi," akasema. "Kila jioni anamuuliza maswali ya kumbukumbu."

Mkuu akanigeukia. "Ni kweli, mzee wangu? Ulikuwa unamuuliza?"

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonikaba. Nikasema, "Ndiyo, lakini alikuwa anajibu..." na nikasikia mwenyewe jinsi ilivyosikika. Lo! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nimeshona miaka yote hii. Nikaanza kufoka, nikamwita Kalamu jina ambalo sitalirudia, na kila nilivyofoka Mkuu alizidi kumwonea mke wangu huruma.

Mke wangu hakugusa zile karatasi, wala hakufungua boksi; angeambiwa zimekauka. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mkuu," akasema, "sampuli ya kumi na nne bado iko kwenye baridi, haijaguswa. Mimi sitaisoma, isome wewe. Kalamu aandike, kama kawaida. Mimi nitakaa kwenye kigoda. Kama itafupika saba, naenda nyumbani leo na sirudi, na nitamwomba mtoto radhi mbele yenu."

Mkuu alisita, lakini alikuwa mtu wa haki. Tukavaa makoti. Nilikuwa sijawahi kuingia chumba kile, na meno yaligongana mpaka nikaona aibu. Tope likavishwa mpira, likatiwa mtungini, maji yakabanwa, chuma kikashuka. Joto likapandishwa kwa kiwango alichochagua Kalamu mwenyewe. Ilichukua saa nyingi. Mke wangu alikaa mikono mapajani, hatazami saa ya mshale, anatazama chupa ya gesi tu inavyobubujika.

"Tano," Mkuu akasoma. "Saba." Nilimwona Kalamu ameshikilia kalamu kama anayeshikilia ukingo wa paa. "Tisa. Kumi na mbili." Mapovu yakazidi. "Kumi na sita. Kumi na tisa." Mkuu akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Ishirini."

Kisha Mkuu akafanya kitu ambacho katika chumba kile hakikuwahi kufanywa. Aligeuka akachungulia daftari. Kalamu alikuwa ameandika ishirini, kwa mwandiko wake mzuri.

Nguzo hazikuwekwa kwenye mteremko ule. Ripoti ilirudishwa, zikahamishiwa upande usio na barafu, na watu mia moja na arobaini huko waliko hawajui jina la mke wangu wala sababu ya kulijua. Bwana Tai alihamishwa, watu wa aina yake huhamishwa. Kalamu kiti cha meli hakukipata, alihama mji. Na mke wangu? Kila ukurasa wa uongo ulikuwa na sahihi yake chini, aliyoitia bila kuangalia. Kanuni ni kanuni, Mkuu akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ya haraka. Wakamstaafisha miaka mitatu kabla ya wakati wake, kwa barua ya shukrani. Asante ya punda mateke. Koti la pamba alilirudisha nyumbani likiwa bado linanuka chuma.

Majirani nao hawakosi. "Mtoto umleavyo," wanaanza, na mimi nawakata hapo hapo, wasimalize.

Kalamu ameandika barua moja, ukurasa mzima wa kuomba radhi. Mke wangu aliisoma mara moja akaikunja. "Mwandiko wake haujabadilika," akasema, akaiweka kwenye droo ya vifungo, na mpaka leo hajaijibu. Mimi nilitaka kuichoma. Sikuthubutu.

Siku hizi anashinda na mimi kibarazani. Tumerudi kule tulikoanzia: mimi na futi, yeye na kalamu. Nataja, anaandika, sichungulii. Nilimwambia siku ya kwanza, hapa kwangu hakuna kilichobadilika, na nilikuwa namaanisha.

Juzi alikuja yule mwalimu wa hesabu, anataka suruali ya harusi ya mwanawe. Nikampima kiuno, nikataja mia na kumi na moja, mke wangu akaandika. Nikapima paja, nikataja. Nikachuchumaa nipime urefu, na nilipokuwa nainuka, sijui ni nini kilichonipata, naapa sijui, macho yangu yalikwenda kwenye daftari. Mara moja tu. Nikasoma alichoandika.

Nilipoyainua, alikuwa ananiangalia. Mwalimu wa hesabu alikuwa anajiangalia kwenye kioo, hakuona kitu.

"Ni mia na kumi na moja," mke wangu akasema. "Hata mimi ningeangalia."

Akaligeuza daftari upande wangu, akaliacha hapo wazi kati yetu, na akasubiri nitaje urefu wa mguu.